Vidole Vinne vya Kukulia

Kahambu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari wa Kisangani aliyewahi kuutibu. Akimwona mtoto wa kike popote, sokoni, kanisani, au amekaa nyuma ya toleka ameng'ang'ania kiti cha baiskeli kwa mikono miwili, macho yake yalianza kupima. Mabega upana gani, kiuno kinaanzia wapi, kola ya mviringo au ya mraba. Mtoto akipita na gauni la dukani lililoshonwa ovyo, mshono wa kwapani umeshaanza kufumuka, Kahambu aliumia kama aliyekanyagwa kidole. Kwao Butembo watu huzaliwa na biashara mkononi, na dada yake Kavugho alikuwa na duka la vitenge pale Makiso, jumla na rejareja. Kahambu yeye biashara ilimpita kando. Alichukua vipande vilivyobaki dukani kwa dada yake, akakaa navyo kwenye cherehani sebuleni, akavigeuza magauni na blauzi za wasichana wadogo. Mtaani kwao Mangobo, ukimwona binti Jumapili na nguo imemkaa vizuri, usiulize fundi ni nani.

Binti wake mwenyewe wa kumvalisha hakuwa naye. Hili tuliseme mapema, tusilizunguke. Miaka miwili ya ndoa, na bado. Mume wake Arthur, fundi wa mashine za boti, mtu wa mto, kwao Isangi, ndiye aliyekuwa na mtoto: Tania, wa miaka tisa. Mama yake Tania alifariki miaka mitatu iliyopita, na bibi yake mzaa mama alimchukua wiki ile ile ya msiba akashuka naye mto mpaka Yanonge. Bibi huyo aliitwa Koko Delphine, maana huku bibi ni koko. Hakumpokonya mtu mtoto. Arthur wakati ule alikuwa hawezi hata kuchemsha maji bila kuunguza sufuria.

Sasa Tania alikuwa anaingia darasa la nne, na Arthur alitaka binti yake arudi, asome mjini. Koko Delphine hakukataa na hakukubali. Alisema neno moja kwenye simu, likawa sheria. Atamleta mtoto mwezi wa nane kwenye harusi ya Falonne, mdogo wake Arthur. Watakaa siku nne. Siku ya tano, bandarini, mtoto mwenyewe atasema mbele ya watu kama anabaki au anarudi. Hakuna wa kumshawishi, hakuna wa kumnunulia biskuti.

Kahambu hakuwahi kumwona mtoto huyo isipokuwa kwenye picha ya simu, kichwa na shingo tu. Mke mpya haendi nyumbani kwa wazazi wa marehemu bila kuitwa, na hakuwa ameitwa. Lakini tangu siku ile ya simu alikosa raha. Alitaka mtoto abaki. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote mpaka akaona haya kulisema, na mtu pekee aliyemwambia alikuwa dada yake.

"Na akikosa kunipenda?"

Kavugho, ambaye nadhani Mungu alimpa ulimi kabla ya kumpa meno, alikuwa anapanga vitenge. Hakugeuka hata kidogo.

"Mutoto wa mutu ni mutoto wa mutu. Utamushonea ma robe mpaka mashini ivunjike, na siku moja atakuambia weye si mama yangu. Robe haishonake moyo, Kahambu."

"Kuzaa si kazi, kazi ni kulea."

"Bon. Lea. Kitambaa nitakupa. Lakini machozi usiniletee huku ku duka, inaharibu ma bazin."

Akampa kitambaa, tena kizuri: kitenge cha buluu chenye maua ya njano, na cheupe cha kola. Harusini wasichana sita wa ukoo wangemtangulia bibi harusi, wote sare moja. Watano walikuwa hapo mjini. Walikuja mmoja mmoja kwa Kahambu, wakasimama juu ya kigoda, wakapimwa huku wakicheka kwa sababu mita ya fundi inatekenya. Wa sita alikuwa Yanonge.

Utauliza, simu ilikuwa na kazi gani? Koko Delphine aliombwa vipimo kwa simu. Akajibu kwamba namba zikipita kwenye simu zinafika zimechoka. Tena mita ya fundi hakuwa nayo. Marehemu mumewe alikuwa akipima nyavu kwa kamba na mafundo, na yeye aliwapima watoto wake saba vivyo hivyo, akawavalisha wote, hakuna aliyekwenda uchi. Basi akachukua kamba, akamsimamisha Tania, akafunga mafundo matatu: la mabega, la kifua na la urefu wa gauni. Akampa Papy, kitinda mimba wake, aliyefanya kazi kwenye baleinière, ile mitumbwi mikubwa ya mbao yenye mashine inayobeba watu na mizigo. Papy akaileta Kisangani, akampa Arthur. Arthur akampa mkewe.

Kahambu akainyoosha kamba kando ya meza, akaweka mita ya fundi juu yake. Akashangaa. Kwa mtoto wa miaka tisa, kifua hiki? Urefu huu? Halafu akajijibu mwenyewe kama watu wa milimani wanavyojijibu kuhusu watu wa mto: wanakula samaki asubuhi na jioni, hawa, kwa nini wasirefuke? Basi hakuuliza. Akafanya alivyofundishwa na mama yake Butembo, akaongeza vidole vinne kila upande. Mama yake alikuwa na sheria: nguo ya mtoto haishonwi ya leo. Anayeshona ya leo amemshonea mtoto wa jirani, maana kabla ya mwaka kwisha atairithi huyo. Vidole vinne vya kukulia, hapo umeshona kama mama.

Magauni matano yale mengine aliyamaliza kwa siku tatu. La Tania peke yake lilichukua siku nne. Kola aliipamba kwa mkono kwa uzi wa buluu, vifungo akavifunika kwa kitambaa kile kile, na mishono ya ndani aliifunga isimkwaruze mtoto ngozi. Alimpenda mtoto yule kabla hajamwona. Alimpenda kwa sindano, kwa sababu njia nyingine hakuwa nayo.

Alhamisi baleinière ya Papy ikatia nanga. Akashuka Koko Delphine, mwanamke mpana, kitambaa kichwani kimefungwa kwa heshima zote, na nyuma yake akashuka kitoto. Kifupi, chembamba, kichwa kimenyolewa kwa likizo, kimebeba mfuko wa plastiki kifuani. Kahambu alitazama nyuma ya kitoto hicho amwone Tania. Nyuma hapakuwa na mtu.

"Bonjour, madame," kitoto kikasema.

Moyo wa Kahambu ukashuka mpaka kwenye ndala. Macho yake, ambayo hayakuwahi kukosea bega la mtoto, yalikuwa yameshampima kabla hajaitikia salamu. Alimpokea mfuko, wakaenda nyumbani, akapakua lituma ya ndizi za kupondwa na samaki, na usiku ule alijidanganya kwamba labda gauni si kubwa kama anavyolikumbuka. Binadamu akizidiwa ndivyo anavyofanya.

Ijumaa alasiri sebule ilijaa. Wasichana watano walikuwa wamekuja kujaribu magauni yao, na kila mmoja aliyevaa alizunguka mara moja, sketi ikafunguka, wote wakapiga makofi. Kavugho alikuwepo, amekuja kuona kitambaa chake. Arthur alisimama karibu na dirisha. Papy alikuwa mlangoni na karatasi ya mikate, yale maandazi madogo ya huku, anakula. Koko Delphine alikuwa amekalia kiti kikubwa kuliko vyote, mikono juu ya magoti, anatazama kila kitu bila kukisifu.

Ikafika zamu ya Tania.

Alivaa, akasimama. Kola ilikuwa imelala mabegani kwa wengine. Kwake ilikuwa inaelekea viwikoni. Mikono ya gauni iliishia mbele ya vidole. Pindo lilikuwa chini sakafuni, na kiuno cha gauni kilikuwa kimekwenda kutafuta magoti. Halafu Kavugho, ambaye kucheka kwake hakujui mahali pa kukaa, akacheka.

Koko Delphine hakucheka.

"Alors," akasema polepole. "Hawa batano iko na ba mama yabo, ukabapima muzuri, robe inabakaa kama ngozi. Ule wa sita, mama yake iko mu udongo. Njo ule umemushonea gunia ya muchele."

Arthur akasema, "Mama, hapana..." lakini Koko aliinua kidole. Kahambu alihisi uso unawaka. Ubaya ni kwamba aliona wazi jinsi jambo lile lilivyoonekana. Mtu yeyote angeingia pale angesema hivyo hivyo: ona mama wa kambo alivyofanya. Akaenda kwenye droo ya cherehani, akatoa kamba, akapiga magoti mbele ya Tania, akaweka ncha begani na kuiachia ishuke. Fundo la urefu lilipita goti, likapita kifundo cha mguu, likalala sakafuni.

"Mama, njo kamba yenye ulituma. Sikuitupa. Angalia."

Koko Delphine akaichukua. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka lakini vidole bado vilikuwa vijana. Alipitisha kamba katikati ya vidole vile polepole, kutoka ncha mpaka ncha, mara mbili.

"Kamba ni yangu," akasema. "Ma fundo si yangu. Mimi nafungaka ya nyavu, haitelezi. Hii ni fundo ya mutu ya kufunga mbuzi." Akageuza kichwa kuelekea mlangoni. "Papy!"

Papy akameza mkate mzima bila kutafuna.

"Mama, kamba ilikaa na mimi wiki tatu, juu ya moteur kuharibika. Nikasema, mutoto yeye hangojee moteur. Anakomea tu, anakuwa murefu. Nikasogeza fundo kidogo."

"Kidogo gani?"

"Vidole ine."

"Na kisha ukafunga tena hii ingine? Sababu hapa fundo ilifunguliwa mara mbili, nasikia na vidole."

"Hapana, mama. Mimi nilisogeza mara moja tu."

Arthur akakohoa pale dirishani. Mtu mzima mwenye mikono ya grisi, anayekemea mashine za boti zikamtii, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ni mimi," akasema. "Mara ya mwisho nilimwona Bonane, mwaka ikianza. Miezi saba, Mama. Nilishika ile kamba, nikajaribu kumuwaza namna iko, nikashindwa. Nikasema, pengine amerefuka sana na mimi sijui. Nikasogeza."

"Ngapi?"

"Ine."

Hapo hata Kavugho aliacha kutabasamu. Si jambo dogo mwanamume kusema mbele ya watu kwamba hajui kimo cha mwanawe. Kahambu akaona bora naye amalizie.

"Na mimi ine. Njo mama yangu alinifundisha."

Kavugho, mfanyabiashara, hakuweza kuacha hesabu ikining'inia. Alishika gauni, akapima kilichozidi chini ya goti kwa vidole vyake vyenye pete. "Ine ya Papy, ine ya shemeji, ine ya Kahambu. Ni kumi na mbili." Akapima tena. "Lakini hapa iko kumi na sita."

Macho yote yakageuka kwenye kile kiti kikubwa. Koko Delphine akajifunga upya kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimelegea.

"Mutoto anakomea," akasema. "Mulitaka nipime ya siku moja?"

Papy ndiye aliyeanza, kisha Arthur, kisha nyumba nzima ikaangua kicheko. Haba na haba hujaza kibaba: watu wanne, kila mmoja kwa siri yake, kila mmoja kwa kuwaza mema, walikuwa wamemshonea mtoto gauni la kuolewa. Koko mwenyewe alitikisika kitini huku amefunika mdomo. Wasichana watano walicheka mpaka wakashikana. Hasira yote iliyokuwa imejaa sebuleni iliondoka, na Kahambu, kwa kupata nafuu ghafla, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Alipofuta macho aliona kwamba Tania hacheki. Alikuwa amesimama palepale katikati, mikono imezama ndani ya kitambaa. Kisha akakusanya pindo kwa ngumi mbili, akapita katikati ya watu, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Mumuache," Koko akasema, "atarudi." Lakini Kahambu alikuwa ameshainuka. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Tania alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Hakuwa analia. Kahambu akachuchumaa, akiacha nafasi kidogo kati yao, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Tulikucheka mbele ya batu," akasema. "Pardon, mama."

Tania alikuwa anavuta uzi kwenye pindo.

"Ku masomo bananiita Kadogo," akasema hatimaye. "Koko anasema nitakomea. Tonton Papy anasema nitakomea. Na papa." Akashika upande wa sketi, akautazama kama nguo ya mtu mwingine. "Na weye pia ulishonea mwenye atakomea. Bote munangojea ule. Mwenye iko huku, hakuna mwenye alimushonea."

Nakuambia ukweli, Kahambu alikuwa ameshona zaidi ya magauni mia, na yote yalikuwa na vidole vinne vya mama yake. Hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba mtoto anaweza kuvisoma vidole vile kwa namna nyingine kabisa. Aliona uchungu, tena uchungu mkubwa, na juu yake aliona aibu.

"Simama, mama," akasema. "Nikupime weye."

Akavua mita shingoni. Akapima mabega, akataja namba kwa sauti. Akapima kifua, akataja. Akapima kutoka begani mpaka chini ya goti.

"Unaongeza ngapi?" Tania akauliza kwa wasiwasi.

"Siongeze."

"Ata kidole moja?"

"Ata nusu."

Wakaingia chumba cha ndani, wawili tu. Kahambu akatandaza gauni juu ya kitanda, akalipindua, akachora kwa chaki nyeupe mistari ya vipimo vya kweli. Kilichobaki nje ya mistari kilikuwa kingi mno. Akachukua mkasi. Alijua anachokwenda kukata: sheria ya mama yake, na miaka kadhaa ya mtoto huyu. Alijiambia kwamba haidhuru. Jumatatu mtoto atarudi Yanonge, hilo limeonekana tangu ile "bonjour, madame". Basi aende na kitu kimoja ambacho ni chake yeye, jinsi alivyo. Akafungua mkasi.

"Yenye unakata itaenda wapi?" Tania akauliza.

"Itakuwa vipande. Nitafanya ma bandeau ya kichwa."

"Na mwaka ya kuya?"

"Mwaka ya kuya robe itakuwa fupi. Koko atatafuta couturière kule Yanonge."

"Kwetu hakuna couturière. Kuko tu papa Isaïe, na yeye anashonaka ma suruali."

Mkasi uligusa kitambaa. Mkono mdogo ukaja ukajilaza juu ya mstari wa chaki.

"Usikate."

"Ulitaka ya weye."

"Nataka ya mimi." Tania alikunja uso, akitafuta namna ya kulisema. "Lakini usikate. Haiwezekani ikuwe ya mimi leo, na ile ingine isiende?"

Kahambu akauweka mkasi chini.

"Inawezekana," akasema. "Tunakunja kwa ndani, tunapitisha uzi ya kulegea. Kwa inje hakuna mwenye ataona. Unavaa ya leo. Siku moja, ikihitajika, mutu anakata uzi tu, kitambaa inashuka."

"Mutu gani?"

"Mwenye anajua."

Tania alifikiri juu ya hilo. Kisha akahesabu kwa vidole vyake: "Ya Koko, ya tonton, ya papa, ya weye. Kunja mara ine. Usizichanganye."

Kahambu akakunja mara nne. Tania alimtungia uzi kwenye sindano, na kila mkunjo ulipofungwa aliuliza wa nani, akaambiwa. Wa chini kabisa ulikuwa wa Koko. Mabega yalifumuliwa na kushonwa upya, ubavuni kukaingizwa ndani bila kukatwa hata uzi mmoja wa kitenge. Swali lilimjaa Kahambu mdomoni muda wote ule. Alitamani kuuliza: unabaki? Lakini Koko alikuwa amesema hakuna wa kumshawishi mtoto, na swali kama hilo, likitoka kwa mtu anayetamani jibu, ni biskuti pia. Akalimeza, akaendelea kushona.

Jumamosi wasichana sita walimtangulia Falonne kanisani, na gauni la Tania lilimkaa kama ngozi. Ni yeye tu aliyetembea polepole kuliko wenzake, kwa sababu pindo lake lilikuwa zito. Katikati ya ibada Koko Delphine aliinama bila haya, akageuza pindo la mjukuu wake, akapitisha vidole ndani yake. Alihesabu mikunjo minne. Akalirudisha pindo, akaendelea kuimba wimbo alipouacha.

Jumatatu wote walishuka bandarini. Wapagazi walikuwa wanapita na magunia, wanawake wanagombania nafasi ya mizigo, na Papy alikuwa amewasha mashine mapema mno ili ajisikie mkubwa. Kavugho alikuwa amefunga duka, jambo ambalo hafanyi hata akiugua, akasema amekuja tu kutazama bei ya samaki. Alisimama ubavuni kwa dada yake, amemshika mkono kwa nguvu. Arthur alikuwa ameshika kofia. Kahambu alijaribu kuangalia mto na hakuuona.

Koko Delphine akaweka mzigo wake chini.

"Tania. Siku imefika. Hakuna mwenye atakasirika. Sema."

Tania alikuwa amevaa lile gauni. Siku ya kazi, bandarini, kwenye matope, na hakuna aliyethubutu kumvua. Alimtazama bibi yake, akamtazama tena, na Kahambu akajiandaa kama mtu anayengoja sindano ya daktari.

"Koko, utarudi lini?"

"Mimi? Sijue. Juu ya nini?"

"Mukunjo ya kwako njo iko chini kabisa. Njo tutafungua ya kwanza. Mwaka ya kuya, mbele ya masomo kuanza. Sipendi tufungue kama hauko."

"Tutafungua?" Koko akasema. "Ni nani na nani?"

"Mimi na Tantine," Tania akasema, akimwonyesha Kahambu kwa kidevu.

Kavugho akatoa sauti ya ajabu, akageukia upande wa samaki. Arthur aliivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Koko Delphine akamtazama mjukuu wake. Huyu ndiye mtoto aliyembeba mgongoni akishuka naye mto wiki ya msiba, na sasa alikuwa anamwacha kwa mikono yake mwenyewe. Ilimuuma, na hakuficha kwamba ilimuuma. Alimbusu mjukuu wake kichwani penye nywele zilizoanza kuota. Kisha akamwendea Kahambu, akamshika mashavu yote mawili kwa viganja vyake vigumu.

"Binti yangu," akasema, na neno hilo hakuwa amewahi kumwita. Hakuongeza lingine. Akapanda botini.

Boti ilikuwa imeshaachana na ukingo, maji yamekuwa mapana kati yao, ndipo akasimama katikati ya magunia, akapaza sauti juu ya mashine ya Papy:

"Kahambu! Na akikosa kukomea?"

Watu wa bandarini wakageuka kutazama. Kahambu akaweka viganja mdomoni.

"Tutaiacha imekunjwa, Mama!"

Koko akapunga mkono, akaketi. Tania alirudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka mgongo wake ukamfikia Kahambu, akauegemeza hapo, wakabaki wamesimama hivyo wakiitazama boti. Kichwa chake kilifika kwenye kifungo cha tatu cha blauzi ya Kahambu, hakikuzidi.